Umepima Maji Matupu?

Mwaka 2010 baba yangu mdogo alilazwa kwa kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, na kwa miezi kadhaa akawa anachomwa sindano ya kanamaisini kila siku isipokuwa Jumapili. Kifua kilipona, lakini masikio hayakupona. Katika mwezi wa nne alianza kulalamika kwamba kuna nyenje wanaolia ndani ya kichwa chake usiku kucha. Baadaye akaacha kuitikia simu. Kisha siku moja tulipokwenda kumwona, mvua ikapiga bati la wodi kwa kishindo, sote tukatazama juu, yeye peke yake akaendelea kumenya chungwa lake. Alikuwa fundi baiskeli, tena wa kusifiwa, mtu wa kuzungusha gurudumu hewani na kukwambia kwa sikio tu kwamba gololi zimekwisha.

Mimi wakati huo nilikuwa mwaka wa pili, nasoma kemia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kama wanafunzi wengi wa mwaka wa pili nilidhani kila swali lina jibu lake kitabuni. Nilimwuliza daktari kijana wa zamu jambo ambalo kwangu lilionekana jepesi: dawa iliyomo ndani ya damu ya baba mdogo ni kiasi gani? Alinijibu kwa upole kwamba dozi hupangwa kwa uzito wa mgonjwa, na kwamba kuipima dawa yenyewe kunataka sampuli ipelekwe kwenye maabara yenye mitambo maalumu, na majibu yatakaporudi sindano nyingine zitakuwa zimeshachomwa. Hakuna aliyezembea. Nilichotaka kukijua hakikuwa na chombo cha kukijulia pale kitandani, na tangu siku hiyo kazi yangu yote ya ukemia imekuwa ni kulizunguka swali lile lile.

Kanamaisini ni ya ukoo wa dawa unaoitwa aminoglaikosaidi, ukoo ulioanza na streptomaisini iliyogunduliwa mwaka 1943, dawa ya kwanza iliyofaa kweli dhidi ya kifua kikuu. Ni dawa zenye nguvu na zenye nafasi finyu: zikipungua haziui vimelea, zikizidi zinaharibu figo pamoja na seli zenye vinyweleo zilizomo ndani ya sikio, na seli hizo kwa binadamu zikifa hazioti tena. Mwili huzitoa kwa njia ya figo. Figo nzima hupunguza kiasi kilichomo katika damu kwa nusu kila baada ya saa mbili hadi tatu. Figo iliyochoka huchukua muda mrefu zaidi, dawa hulimbikizana, na kulimbikizana huko kunaichosha figo zaidi. Watu wawili wa kilo 60 wanaweza kuchomwa sindano moja asubuhi moja, na kufika jioni mmoja wao akawa amebaki na dawa nyingi mara kadhaa kuliko mwenzake, bila dalili yoyote ya nje.

Nilipoanza kusoma habari za vihisi vya kibiolojia, au bayosensa kama tunavyoziita kazini, nilikuta mlango umefunguliwa zamani. Leland Clark, Mmarekani ambaye mwaka 1956 alikwisha kuchapisha habari za elektrodi yake, yaani ncha ya kupitishia umeme, ya kupima oksijeni, aliandika mwaka 1962 pamoja na Champ Lyons juu ya wazo la kunasa kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi kwenye utando juu ya elektrodi hiyo. Kimeng'enya hicho hutumia oksijeni kinapoishambulia sukari, kwa hiyo ukipima namna oksijeni inavyopungua unakuwa umeipima sukari. Vijiti vya kupimia kisukari vinavyouzwa leo katika maduka ya dawa ni wajukuu wa wazo hilo, na vile vile vifaa vinavyobandikwa ngozini kufuatilia sukari mchana na usiku, ambavyo cha kwanza kiliidhinishwa Marekani mwaka 1999.

Mtu angedhani kwamba baada ya sukari zingefuata dawa, homoni na kila kitu kingine, lakini haikuwa hivyo, na mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa sababu. Sukari ina bahati. Imejaa tele katika damu, na ina kimeng'enya kigumu, kivumilivu, ambacho ukikiacha mezani wiki nzima bado kinafanya kazi. Kanamaisini haina mtumishi wa namna hiyo, na hata wakati sindano imetoka kuchomwa kiasi chake katika damu ni kidogo mno ukilinganisha na kile cha sukari. Kingamwili nazo, zile zinazofanya kazi ndani ya kipimo cha haraka cha malaria, hushika vizuri mno: zikishika haziachii, na nyingi hutaka kuoshwa ili kutenganisha kilichoshikwa na kisichoshikwa. Kwa kujua kama mtu ana malaria au hana, hilo linatosha. Kwa kufuatilia dawa inayopanda na kushuka unahitaji kitu kinachoshika na kuachia ndani ya sekunde chache, tena ndani ya damu isiyochujwa wala kuoshwa.

Kitu hicho kilipatikana kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1990 makundi mawili ya watafiti, moja Boulder na jingine Boston, yalionyesha kwamba ukichukua mchanganyiko wa nyuzi fupi za asidi nukleiki zenye mpangilio wa kubahatisha, mabilioni kwa mabilioni, ukazipitisha mbele ya molekuli unayoitaka, ukabakiza zilizoshika, ukazizalisha na kurudia tena na tena, mwisho unabaki na nyuzi chache zinazoitambua molekuli hiyo. Nyuzi hizo zikaitwa aptama. Miaka ya 2000 kundi la Kevin Plaxco na Alan Heeger huko Santa Barbara, California, lilizigeuza kuwa vihisi vya umeme: ncha moja ya uzi hufungwa kwenye dhahabu kwa salfa, na ncha nyingine huvishwa bluu ya methilini, rangi ile ile wanayoijua watu wa hadubini. Molekuli ikija, uzi unajikunja kuishika, bluu inabadilisha mahali na mwendo wake mbele ya dhahabu, na elektroni zinapita kwa kasi nyingine. Molekuli ikiondoka, uzi unalegea. Uzuri wa jambo hili, ambao hata leo hunisisimua ninapolifundisha, ni kwamba ishara inatokana na uzi kubadilika umbo, haitokani na kitu kunasa tu juu ya dhahabu. Protini za damu zinaweza kuurundikia uso wa dhahabu zinavyotaka. Kwa nadharia, zisipoukunja uzi hazisemi kitu.

Hayo maneno mawili, "kwa nadharia", yalinigharimu sehemu nzuri ya ujana wangu. Nilipata nafasi ya shahada ya uzamivu Marekani mwaka 2012, katika kundi lililokuwa likitengeneza vihisi vya aina hiyo, nikaomba nipewe aminoglaikosaidi. Sikueleza sababu, na hakuna aliyeniuliza.

Kutengeneza kihisi kimoja kulichukua siku mbili. Unakata waya wa dhahabu mwembamba kama unywele (rafiki zangu wa nyumbani walinitania kwamba mtoto wa nchi yenye Geita ameenda kupimiwa dhahabu kwa sentimita ughaibuni), unauvika mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, unaacha ncha ya milimita chache wazi. Unausafisha kwa umeme, kwanza ndani ya sodiamu haidroksaidi, kisha ndani ya asidi ya salfa, ukitazama mchoro kwenye kompyuta mpaka mapindo yake yajirudie bila kubadilika. Nyuzi za DNA, yaani ile aptama yenyewe, huja zikiwa doa kavu la bluu chini ya kichupa, dogo kiasi kwamba ukikifungua bila kukizungusha kwanza kwenye mashine linaweza kupeperuka pamoja na mamia ya dola za watu. Dhahabu inachovywa humo kwa saa moja, kisha usiku kucha ndani ya mekaptoheksanoli, kimiminika chenye harufu ya yai viza, ambacho hujaza nafasi kati ya uzi na uzi ili damu isiiguse dhahabu yenyewe. Waya wa fedha unaotumika kama rejea tulikuwa tukiuloweka usiku kucha ndani ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ambayo kwetu huitwa Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine, mpaka upate ngozi ya kijivu ya kloridi ya fedha. Asubuhi unaunganisha dhahabu, fedha na waya wa tatu wa platini, unaanza kubadilisha volti hatua kwa hatua, na kwenye kioo kinajitokeza kichuguu kidogo karibu na volti hasi 0.3. Hicho kichuguu ndicho kihisi chenyewe. Kikipanda au kikishuka, kuna jambo limetokea. Kazi ni kujua ni jambo gani.

Mwaka 2014 nilikuwa na mchoro mzuri kuliko yote niliyowahi kuitengeneza. Kila nilipoongeza kanamaisini ndani ya damu ya ng'ombe, kichuguu kilishuka kwa hatua safi. Hatua za kwanza kubwa, za mwisho ndogo, mpaka mstari ukalala kama vitabu vinavyoeleza. Nilirudia kwa muda wa miezi mitano, kwa vihisi zaidi ya ishirini, na kila mara mchoro ulikuja ule ule. Nilikuwa nimeshapeleka muhtasari kwenye mkutano wa kitaaluma, na Ijumaa moja nikauonyesha mchoro wangu katika kikao cha wiki cha maabara, nikisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda.

Swali lilitoka kwa fundi wa maabara, mzee mmoja mkimya ambaye kazi yake ilikuwa kutunza mitungi ya gesi na kuwaita watu wa viyoyozi. Aliuliza kama nimewahi kutia maji matupu. Nilidhani hakuelewa, nikaanza kumweleza upya habari za aptama, naye akanisubiri nimalize, kisha akauliza tena kwa maneno marefu zaidi: dawa unaitoa wapi? Jokofuni, nyuzi joto 4. Damu yako iko nyuzi ngapi? Nyuzi 37. Na je, umewahi kutia bafa isiyo na dawa, yaani yale maji ya chumvi tunayoyeyushia dawa, kutoka jokofu lile lile, kwa kiasi kile kile? Sikuwa nimewahi. Nilikuwa nimelinganisha kabla ya dawa na baada ya dawa, nikaona inatosha.

Nilifanya jaribio hilo usiku uleule, nikiwa peke yangu, na hata sasa nikiwaeleza wanafunzi nasikia tumbo likinikata. Nilitia bafa tupu na kichuguu kikashuka. Nikatia tena, kikashuka tena, hatua kwa hatua, hatua kubwa kwanza kisha ndogo, kwa sababu kadiri kikombe kilivyojaa ndivyo kila nyongeza ya baridi ilivyozidi kuwa na uzito mdogo. Elektroni hupita polepole zaidi kwenye baridi. Ndivyo kemia ilivyo, na nilikuwa nimelifanyia mtihani jambo hilo nikapata alama nzuri. Takriban robo tatu ya ule mchoro wangu mzuri ilikuwa ni jokofu. Robo iliyobaki ilikuwa kanamaisini kweli, lakini dhaifu mno kwa kazi yoyote ya maana.

Nilimwandikia mratibu wa mkutano nikauondoa muhtasari. Msimamizi wangu hakunifokea, na kwa namna fulani hilo lilikuwa zito kuliko kufokewa. Kilichofuata ni zaidi ya mwaka wa kuanza upya: kupasha dawa joto kabla ya kuitia, na kubwa zaidi, kuubadilisha uzi wenyewe. Aptama niliyokuwa nayo ilikuwa imeshajikunja hata kabla dawa haijafika, kwa hiyo dawa ilipofika haikukuta cha kukunja. Tuliupunguza uzi herufi chache kwenye shina lake ili usiweze kusimama bila msaada wa molekuli. Ukipunguza kidogo mno, hakuna mabadiliko. Ukizidisha, uzi hauishiki dawa tena. Wa saba ndio uliofaa.

Damu ilikuwa na somo lake tofauti. Ndani ya bafa safi kihisi chema hukaa bila kuyumba kwa saa nyingi, na makala nyingi sana za kitaaluma huishia hapo, jambo ambalo mimi naliona kama kujifunza kuogelea kwenye beseni. Ukikizamisha katika damu nzima ya nyuzi joto 37, ndani ya saa ya kwanza ishara huporomoka kwa kasi kwa sababu ya vitu vya damu vinavyounata uso wake, kisha huendelea kupungua taratibu kadiri zile nyuzi zinavyong'oka kutoka kwenye dhahabu. Sehemu ya kung'oka huko tunaisababisha wenyewe: volti zile zile tunazotumia kupima, zikienda mbali mno upande wowote, zinavunja kifungo cha salfa na dhahabu. Kwa hiyo kila unapokitazama kihisi unakichosha. Nilijifunza kupima kwa nafasi finyu ya volti, na kutopima kwa sababu tu nina shauku ya kuona.

Dawa ya kuyumba huko, au tuseme nusu ya dawa, iligunduliwa na waliotutangulia, na ni ya werevu mkubwa. Unapima kwa masafa mawili ya umeme, yaani kasi mbili za kupandisha na kushusha volti, moja ya haraka na moja ya taratibu, yaliyochaguliwa ili molekuli inapofika moja lipande na jingine lishuke, kisha unatoa moja kutoka kwa jingine. Huwa nawaambia wanafunzi wawafikirie abiria wawili ndani ya daladala: likiingia shimoni wanaruka wote kwa pamoja, na ukipima tofauti ya vichwa vyao shimo halionekani; mmoja akiinuka kumpisha bibi na mwingine akainama kuokota kikapu, tofauti inaonekana mara moja. Kuyumba kwa damu ni shimo la barabarani. Dawa ni yule bibi. Mfano huu una kasoro, kwa maana joto si shimo la kawaida: linagusa mwendo wa elektroni na kushikana kwa dawa vyote viwili, na hesabu ya kutoa hailiondoi lote. Sijaacha kulipima.

Mwaka 2017 tulianza kupima ndani ya panya. Waya wetu ulipita ndani ya mrija mwembamba hadi kwenye mshipa wa shingo, panya akiwa amepewa usingizi, na kamati ya maadili ikiwa imepitia kila hatua. Sitasema kwamba nilizoea. Lakini mara ya kwanza nilipoona dawa ikipanda ndani ya dakika chache baada ya sindano, ikafika kilele, ikaanza kushuka kwa mteremko laini, kipimo kipya kila baada ya sekunde kumi, nilikumbuka yule daktari wa zamu na majibu yake ya siku kadhaa. Kisha tukapima panya wa pili, wa jamii ileile, wa dozi ileile kwa kila gramu ya uzito wake, na mteremko wake ukawa mrefu zaidi kwa wazi kabisa. Safari hii maji matupu yalikuwa yametangulia.

Mwaka uliofuata, 2018, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamaisini haishauriwi tena kwa kifua kikuu sugu, na kwamba vidonge kama bedakwilini vitangulie mbele ya sindano. Nilisoma habari hiyo nikiwa maabara, na nitasema ukweli wangu: nilifurahi kwa saa moja hivi, kisha nikahisi nimeporwa. Tatizo lililonitoa nyumbani lilikuwa likitatuliwa na watu wengine kwa njia fupi kuliko yangu, yaani kuiacha dawa yenyewe. Nilikaa na hisia hiyo isiyo na heshima kwa wiki kadhaa. Kilichonitoa ni mazungumzo na muuguzi mmoja Mtanzania aliyekuwa akifanya kazi wodi ya watoto wachanga huko huko Marekani, aliyenikumbusha kwamba jentamaisini, ndugu yake kanamaisini, bado ndiyo huchomwa pamoja na ampisilini kwa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, duniani kote, na kwamba mtoto wa kilo tatu ana damu isiyofika hata theluthi moja ya lita mwili mzima. "Sasa wewe mchukulie huyo sampuli tano kwa siku uone," aliniambia. Tangu hapo ndiyo dawa ninayoifanyia kazi.

Nilirudi mwaka 2022, nikaanza kufundisha Dar es Salaam. Potenshiostati yangu, kile kifaa cha kubadilisha volti na kupima umeme unaopita, inatosha kiganjani na inakula betri, jambo ambalo Marekani lilikuwa la fahari na hapa ni la lazima, kwa kuwa jaribio la saa kumi na mbili likikatikiwa umeme saa ya kumi na moja hakuna mtu wa kumlilia. Nyuzi za DNA bado tunaagiza nje. Kwa bahati zikiwa kavu huvumilia siku kadhaa za kungoja forodhani. Damu ya ng'ombe naifuata machinjioni Vingunguti kabla jua halijachomoza, nikiwa na chupa zenye sitrati ili isigande, na mara ya kwanza vijana wa pale walinizunguka wakitaka kujua mwanamke aliyevaa vizuri saa kumi na moja alfajiri anapeleka wapi lita moja ya damu. Nilieleza habari za vihisi. Mmoja akasema, "Dada, ungesema tu ni mganga, tungekuelewa haraka." Siku hizi wananiwekea.

Kihisi chetu bado kina kasoro ambazo haziwezi kufichwa kwa maneno. Ndani ya damu kinaaminika kwa saa kadhaa, si kwa siku. Bado hatujapata njia ya kukitakasa kwa kiwango cha hospitali bila kuiumiza aptama. Vihisi viwili vilivyotengenezwa na mikono ileile siku ileile havifanani kabisa, na mwanafunzi mwenye mikono ya haraka hutengeneza vibovu zaidi ya mwenye mikono mizito. Wanafunzi wangu wanajua kwamba mchoro wowote wanaoniletea bila mstari wa maji matupu pembeni nitaurudisha bila kuusoma, na nasikia wamenipa jina kwa ajili hiyo.

Mwaka jana baba mdogo alikuja Dar kwa harusi ya mwanawe, akalala kwangu siku tatu. Nyumbani huzungumza naye kwa daftari la hesabu, lile la vijisanduku, linalowekwa katikati ya meza pamoja na kalamu mbili. Yeye husema kwa mdomo akitaka, lakini sauti yake mwenyewe haisikii, kwa hiyo mambo mazito huyaandika. Jioni ya pili aliniuliza hasa nilikuwa nikifanya nini miaka yote ile kwa wazungu. Nilimfungulia kompyuta, nikamwonyesha ile miteremko ya panya wawili, nikaandika daftarini: sindano ileile, uzito uleule, huyu dawa ilimtoka haraka, huyu ilimkalia.

Aliitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole chake chenye kovu la mnyororo juu ya mteremko wa yule iliyemkalia, akaandika: "Figo zake kama zangu."

Niliandika kwamba huenda, lakini za kwake hakuna aliyezipima wakati ule, na kwamba si figo peke yake: wapo watu ambao huzaliwa na badiliko dogo wanalolirithi kwa mama, ambalo huyafanya masikio yao yadhurike hata kwa dozi ya kawaida, na dawa hii hubaki ndani ya sikio hata baada ya kwisha katika damu. Alisoma yote, polepole, akifuata kwa kidole. Kisha akaandika swali moja, akanisogezea daftari.

"Huyu panya baadaye alikuwa anasikia?"

Nilishika kalamu. Ningeweza kumweleza kwamba dozi moja haimfanyi panya kuwa kiziwi, na kwamba lengo la jaribio lilikuwa dawa ndani ya damu, na yote hayo yangekuwa kweli. Tulikuwa tumepima dawa yake kila sekunde kumi, joto lake, uzito wake, mkojo wake, na bafa tupu kabla ya kila kitu. Niliandika: "Hatukumpima."

Baba mdogo alilivuta daftari upande wake, akaandika kwa herufi kubwa, moja katika kila kijisanduku, MPIMENI, kisha akarudi kwenye chai yake.